Rundo au Mkungu?

"Siku hizi watoto wanaumwa kansa sana huku."

Sentensi kama hii imesemwa mahali pengi duniani. Wazazi wa Woburn, mji mdogo wa jimbo la Massachusetts, waliisema kwa Kiingereza chao miaka ya 1970, wakishuku maji ya visima. Sijaisikia Kighare, katika Milima ya Upare, na naomba nisije kuisikia. Kijiji nakiazima tu, kwa kuwa tutahitaji migomba huko mbele. Wachunguzi wa afya wanapoitwa kwenye jambo la namna hii huuliza mambo matano: kipindi gani, kina nani, ugonjwa gani, wengi kiasi gani, wapi. Sasa irudie sentensi yetu: siku hizi, watoto, kansa, sana, huku. Mlalamikaji amekwisha yataja yote matano. Sisi tunaolinda lugha tumebakiwa na kazi ya kuyakaza, maana yalivyo sasa yanapwaya.

Kansa kwanza. Magazeti na ofisi hupenda saratani: tuna Taasisi ya Saratani Ocean Road, na hakuna atakayeiita ya kansa. Nyumbani na kwenye daladala, kansa ndiyo inayotawala. Watu hugombana juu ya lipi safi zaidi, ilhali yote mawili yanamtaja mnyama yule yule. Saratani ya Waarabu ni kaa wa majini, na cancer ya Kilatini ni kaa pia, kwa sababu matabibu wa Kigiriki waliona mishipa ikitandaa kuzunguka uvimbe mithili ya miguu ya kaa. Kaa mmoja kaingilia bandarini na majahazi, mwingine kaja na meli. Kama babu zetu wangetafsiri badala ya kuazima, tungekuwa na neno zito kupita yote, maana kaa wetu ni mdudu wa pwani, ni la moto, na ni kitenzi cha kutoondoka. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi, na bado nafurahi kwamba hawakufanya hivyo. Mzazi hahitaji kusikia yote hayo kwa neno moja.

Linaloniudhi hasa ni "maambukizi mapya ya saratani". Hutokea kwenye taarifa za habari kila mwaka, na limeota mizizi kutokana na miaka mingi ya kuripoti Ukimwi na kipindupindu. Saratani haiambukizi. Kinachoweza kuambukiza ni kirusi kinachoitangulia, na hapo ndipo umakini unapotakiwa. Kirusi cha Epstein-Barr, kilichoonekana mwaka 1964 ndani ya chembe za uvimbe uliotoka Uganda, hupita kwa mate, na karibu kila mtoto wa Afrika Mashariki hukipata akiwa mdogo. Ni wachache sana wanaokuja kuugua saratani inayohusishwa nacho. Ukiandika "maambukizi ya saratani", mtoto huyo atakosa mtu wa kunywa naye kikombe kimoja.

Badala yake sema visa vipya. Kisa ni neno la thamani ambalo hatujalitumia ipasavyo. Limetoka Uarabuni likiwa na maana ya hadithi, na sisi tukaliongezea maana ya sababu: kisa cha kugombana ni nini? Hospitali nazo zikalipa maana ya tatu, mgonjwa mmoja anayehesabiwa. Mchunguzi anapofika kwenye familia anatafuta kisa cha tatu, familia inamsimulia kisa cha kwanza, na wote wawili wanataka kujua kisa cha pili. Kuna waliopendekeza kesi, lakini kesi iachieni mahakama.

Watoto. Tumezoea kusema saratani ya watoto. Mimi nashika saratani za utotoni, kwa wingi, kwa kuwa si ugonjwa mmoja. Saratani ya damu, ya jicho, ya figo na ya mitoki kila moja ina njia yake, na mchunguzi anayezichanganya kwenye kapu moja atapata jumla kubwa isiyomwambia lolote.

Nimesema mitoki, na najua baadhi yenu mmeshtuka. Kitabuni ni limfoma. Mtoki ni ule uvimbe unaokutokea kinenani baada ya kujikwaa na kupata kidonda mguuni, nao hunywea kidonda kinapopona. Saratani ya mitoki ni jina ambalo bibi yeyote ataelewa linaanzia wapi mwilini. Kasoro yake ni hiyo hiyo ya kueleweka haraka, kwani mtoki aliouzoea bibi huisha wenyewe, na mtu atangoja uishe. Wengine husema saratani ya tezi, lakini tezi nayo ina wateja wengi: tezi dume, tezi la shingo. Maoni yangu ni kwamba limfoma ibaki kwenye cheti, na saratani ya mitoki iwe ya kuelezea, mradi anayeelezea asikatishe sentensi njiani.

Limfoma maarufu kuliko zote huku kwetu ilipitia majina matatu kabla ya kutulia. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago jijini Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt alioneshwa mtoto wa kiume aliyevimba taya zote, juu na chini, kushoto na kulia. Mwaka uliofuata aliandika makala na kuuita ugonjwa huo sarkoma ya taya, yaani saratani ya nyama. Wenye hadubini wakasema hapana, hii ni limfoma. Kukatokea watu wa kuiita limfoma ya Kiafrika. Jina hilo ndilo la kuangaliwa. Linalibebesha bara zima ugonjwa ambao, kama Burkitt mwenyewe alivyokuja kuonesha, haukai hata kwenye nchi nzima. Mwishowe likabaki jina la daktari, limfoma ya Burkitt, lisilosema chochote kuhusu mgonjwa na kwa hiyo lisilomdhuru.

Hapa nichepuke kidogo. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri magonjwa mapya yasipewe majina ya mahali. Sisi tulikuwa tumekwisha toa mfano mzuri zaidi ya miaka 60 kabla: chikungunya, iliyotambuliwa kusini mwa Tanganyika mwaka 1952, ilipata jina kutoka Kimakonde, linaloeleza jinsi mgonjwa anavyopindika kwa maumivu. Jina linasema ugonjwa unafanya nini, bila kumtaja mwenye kijiji. Siku ukimsikia mtu akianza kusema "ugonjwa wa Kighare", mkatize.

Siku hizi ni kauli nyepesi kutamka na ngumu kupima. Huenda watoto wanaougua wameongezeka, au huenda wanaogunduliwa ndio walioongezeka, baada ya barabara kutengenezwa na mgonjwa wa Upare kuweza kufikishwa hospitali ya KCMC, Moshi, badala ya kufa kwa "homa" isiyo na jina. Kutokea na kuonekana ni vitenzi viwili. Takwimu zetu huvifanya kimoja.

Sana! Neno dogo hili ndilo linaloniweka macho. Kiswahili kina sana na kina mno, na siku hizi tunayatumia kana kwamba mno ni sana iliyopandishwa sauti. Hayakuwa hivyo. Ukimwambia mwenyeji wako chakula ni kingi sana, umemsifu. Ukimwambia ni kingi mno, atapunguza. Sana huongelea kiasi, mno huongelea kiasi kilichovuka kinachostahili. Hapo ndipo penye swali la mchunguzi: watoto watatu ni wengi sana kwa mama zao, hata mmoja ni mwingi sana, lakini je, ni wengi mno kwa kata yenye watoto elfu kadhaa na kwa miaka kumi? Mno haina jina lake, basi tuiazimie ziada. Ongezeko hulinganisha mwaka huu na mwaka jana. Ziada hulinganisha waliopatikana na waliotarajiwa. Ripoti nyingi za Kiswahili huandika "ongezeko" kwa yote mawili, na msomaji hana namna ya kujua amelinganishiwa nini.

Huku nayo ina utajiri ambao Kiingereza hakina. Hapa ni mahali unapopaonesha kwa kidole. Humu ni ndani. Huku ni eneo lisilo na mpaka unaoonekana. Mlalamikaji ana haki ya kusema huku. Mchunguzi hana. Akiondoka na huku yake, ataikaza au kuilegeza mpaka imkubalie. Akiuchora mpaka baada ya kujua nyumba zenye wagonjwa, kila kijiji duniani kitakuwa na balaa lake. Mpaka huchorwa kwanza, kwa kitu kilichokuwepo kabla ya ugonjwa, kama kata, mto au bomba la maji, ndipo wagonjwa wahesabiwe. Kazi yote hiyo ni ya kuigeuza huku kuwa hapa.

Sasa migomba. Visa vikikaribiana kwa mahali na wakati, wataalamu wa takwimu husema klasta. Wengine huandika kishada, wengine kichala, wengine kundi. Kishada na kichala ni maneno mazuri, ya zabibu na maua, na yote yana kosa moja: yana kikonyo. Zabibu za kichala kimoja zimeshikwa na kikonyo kimoja. Ukishasema kishada cha saratani umekwisha sema kuna kitu kimoja kilichowaunganisha wale watoto, kabla hujakitafuta. Kundi nalo hudai wanachama wanajuana.

Ninapendekeza tutumie maneno mawili. La kwanza ni rundo: vitu vilivyokutwa pamoja, basi. Ndizi zilizomwagwa sokoni Same ni rundo, na zimetoka migomba hamsini. La pili ni mkungu: ndizi zilizoota pamoja, chane juu ya chane, kwenye bua moja lililotoka tumboni mwa mgomba mmoja. Kwa macho, rundo na mkungu uliokatwakatwa vinafanana. Kinachovitofautisha ni bua. Kabla bua halijaonekana, andika rundo. Likionekana, na si kabla, andika mkungu.

Seascale, karibu na kiwanda cha nyuklia cha Sellafield nchini Uingereza, ni mfano wa rundo lililokataa kuwa mkungu. Televisheni ililifichua mwaka 1983, na kamati ya Sir Douglas Black iliyoripoti mwaka 1984 ilikubali kwamba saratani ya damu kwa vijana wa pale ilikuwa ya ziada. Ziada ilikubalika, bua likabishaniwa. Wengine waliona mionzi. Mtafiti Leo Kinlen aliona mchanganyiko wa wageni wengi waliomiminika kwenye kijiji kilichokuwa kimejitenga, na maambukizi ya kawaida yaliyokuja nao.

Burkitt alipata bahati ya mkungu, au tuseme alilifuata bua mpaka chini. Mwaka 1961, yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu la Ford na kuzunguka takriban kilomita 16,000, kutoka Kampala hadi kusini mwa Afrika na kurudi, wakiuliza hospitali hata hospitali: uvimbe huu mmeuona? Ramani iliyotokana na majibu ilionesha ugonjwa unaokwepa baridi na ukame. Katika ukanda wetu ulikuwa nadra juu ya mita 1,500 hivi. Mtu wa Upare hahitaji kuelezwa zaidi: ni mpaka ule ule kati ya mlimani na tambarare ambao wazee waliujua kwa homa. Wadhaniwa wakawa wawili, kile kirusi cha mate, Epstein-Barr, na malaria inayorudi mara kwa mara.

Upare una sehemu yake katika habari ya malaria. Kuanzia katikati ya miaka ya 1950, mradi wa Pare-Taveta ulipuliza dieldrini, dawa ya kuua mbu, kwenye kuta za nyumba hadi 1959, na malaria ikashuka kwa kiasi kikubwa. Makala ya kwanza ya Burkitt ilitoka mradi ukikaribia kwisha. Uvimbe ulikuwa bado hauna jina la kuuhesabia. Jaribio la kuupima lilikuja baadaye, Mara kaskazini, watoto walipopewa klorokwini kati ya 1977 na 1982. Uvimbe ulipungua, lakini ulikuwa umeanza kupungua hata kabla ya dawa, na malaria yenyewe ikapanda tena katikati ya zoezi. Kwa hiyo malaria tuiite nini? Chanzo, hapana. Kisababishi, bado ni kikubwa mno. Kihatarishi, neno lililozoeleka sasa kwenye miongozo ya Wizara, linafaa: kihatarishi chenyewe hakileti ugonjwa, kinaukaribisha. Nalipenda neno hili pia kwa kuwa halimtafutii mtu hatia.

Kwa sababu hiyo nalikataa neno upelelezi katika mambo haya. Upelelezi huanza na mshukiwa. Uchunguzi sikioni mwangu unakaa jirani na kuchungulia na kuchunga, kule kuchunga mbuzi na kule kuchunga unga kwenye chungio: kuangalia bila kuondoka, na kutenga chembe kubwa na ndogo.

Limebaki neno la kufungia ripoti. Nyingi za ripoti hizi, duniani kote, huisha bila kuona bua, na mwandishi huandika "hakuna ushahidi". Kwa mzazi, hakuna ni mlango uliofungwa, na nyuma ya mlango huo anasikia akiambiwa amezua. Tuna kiambishi kinachoyasema haya kwa uaminifu zaidi, nacho ni -ja-. Hatujaona. Kinakiri kwamba tumetazama, na kwamba kutazama hakujaisha. Andikeni hivyo, pamoja na idadi: visa vingapi, vilivyotarajiwa vingapi, kwa mpaka upi na miaka mingapi, rundo lipo, mkungu hatujauona.