Makomredi Waliijenga Redio, Karatasi Ilikuwa ya Wengine

Kama unapenda hip hop ya Marekani ya miaka ya tisini, kuna redio unayopaswa kuishukuru na pengine hujawahi kusikia jina lake. Inaitwa WKCR, redio ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Kuanzia 1990 hadi 1998, kila Alhamisi usiku wa manane mpaka alfajiri, wasee wawili, Stretch Armstrong na Bobbito, walikuwa wanafungua maiki kwa marapa wachanga. Nas alipita hapo. Biggie pia. Jay-Z, Wu-Tang, Big L, wote walichana pale kabla hata albamu zao za kwanza hazijatoka. Hakukuwa na bosi wa kusema "hiyo haiuzi." Watu walikuwa wanakesha, wanarekodi kwa kaseti, kesho yake kaseti inazunguka mtaa mzima.

Hiyo ndiyo nguvu ya redio ya chuo. Inaendeshwa na watoto wa watu wenye mtihani Jumatatu, halipwi mtu, na kwa sababu halipwi mtu, wanacheza kile wanachopenda. Lakini leo sitaki kuongea muziki sana. Nataka tuulize swali ambalo makomredi wengi huuliza wakiwa wamechelewa: hiyo redio ni ya nani?

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1936, wanafunzi wawili wa Chuo cha Brown, mji wa Providence, George Abraham na David Borst, walianza kuvuta waya kutoka chumba kimoja cha hosteli hadi kingine ili warushe muziki na vipindi vyao. Ni moja ya redio za mwanzo za wanafunzi Marekani. Cheki hapo: waya ni wao, sauti ni yao, na wasikilizaji ni majirani wa hosteli. Nani angewauzia redio yao? Ungeuza nini, waya?

Miaka thelathini baadaye, Houston, Texas, hadithi ikajirudia. Mwaka 1967 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rice wakaanzisha karedio ka hosteli, wakitumia nyaya zilizokuwa tayari ndani ya jengo. Ilikuwa mchezo tu wa vijana wenye muda na vifaa. Lakini mchezo ukakua. Mwaka 1971 wakaingia FM, masafa ya 91.7, kwa jina KTRU.

Hapa ndipo mambo yaligeuka, na sidhani kuna aliyeshtuka siku hiyo. Waya wa hosteli hauhitaji ruhusa ya serikali. FM inahitaji leseni. Na serikali haiandiki leseni kwa jina la "sisi wasee wa studio." Leseni ya KTRU iliandikwa kwa jina la chuo.

Kwa miaka mingi hilo halikumsumbua mtu. Wanafunzi ndio walichagua muziki, walipanga zamu, walifundisha wapya jinsi ya kushika mitambo. Watu wa mjini ambao hawakuwa hata wanafunzi wakaruhusiwa kuja kufanya vipindi. Ungesikia jazi, punk, muziki wa Kihindi, kelele za ajabu ambazo hakuna redio ya biashara ingethubutu kucheza. Kila mwaka wakaandaa tamasha la bure pale pale chuoni. Mwaka 1991 redio nyingine ya kibiashara ilitaka kupanua mawimbi yake, na katika makubaliano hayo KTRU ikapata mnara na mtambo mpya. Ikaruka kutoka wati 650 hadi wati 50,000. Redio iliyozaliwa hosteli sasa inasikika Houston nzima.

Ebu fikiria hiyo. Kadiri makomredi walivyoikuza, ndivyo ile karatasi iliyokaa kwa ofisi ilivyopanda bei.

Onyo la kwanza lilikuja mwishoni mwa 2000. Chuo kilitaka redio itangaze mechi nyingi zaidi za timu za chuo. Wanafunzi wakakataa, na wengine wakapinga hewani kwa kucheza muziki juu ya matangazo ya mechi. Jibu la wakubwa lilikuwa kufuli. Studio ikafungwa, matangazo ya kwingine yakawekwa hewani badala yao. Wanafunzi wakaandamana, mazungumzo yakafanyika, na baada ya takriban wiki moja wakarudi. Wakashangilia. Lakini ukiangalia vizuri, walichorudishiwa ni mlango tu. Leseni ilikuwa pale pale ilipokuwa.

Halafu ikafika Agosti 2010. Makomredi wa KTRU wakajua kupitia gazeti kwamba chuo chao kimekubaliana kuuza masafa ya 91.7, pamoja na mnara, kwa Chuo Kikuu cha Houston. Bei: dola milioni 9.5. Mazungumzo yalikuwa yamefanywa kimya kimya, wanafunzi hawakuulizwa. Waliobeba redio kwa zaidi ya miaka arobaini wakapata habari sawa na mtu aliyekuwa anakunywa chai na gazeti lake.

Sasa nisiwe mnafiki, chuo kilikuwa na hoja. Rais wake, David Leebron, alieleza kwamba wasikilizaji walikuwa wachache sana kiasi kwamba vipimo vya soko havikuwaona, na kwamba vijana wenyewe walikuwa wanahamia mtandaoni. Pesa zingesaidia mambo mengine, ikiwemo ukumbi mpya wa kulia chakula. Yaani mnara ukageuka kuwa mesi. Mtu akisema chuo kina mahitaji mengi kuliko redio ya wapenda punk, siwezi kumwita mjinga. Mwanafunzi pia hula.

Lakini hesabu ya wasikilizaji inapima kitu kimoja tu. Haihesabu yule mwanafunzi mwenye haya aliyejifunza kuongea mbele ya maiki saa tisa usiku. Haihesabu bendi ya mtaani iliyochezwa mara ya kwanza hapo. Na hata kama hoja ya pesa ilikuwa sawa kabisa, kwa nini ikafanywa kwa siri? Ukiwa na uhakika uko sawa, unaita kikao.

Wanafunzi na marafiki wa redio walipigana. Waliandamana, wakaandikia mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, FCC, kuomba izuie uuzaji. Aprili 2011 FCC ikaidhinisha. Tarehe 28 mwezi huo KTRU ikanyamaza kwenye 91.7, na masafa yakaenda kucheza muziki wa klasiki.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lilikuwepo. Shida ni jina lililoandikwa ndani.

Lakini hawa wasee hawakufa moyo, na hii ndiyo sehemu ninayoipenda. Waliendelea mtandaoni. Wakapata pia nafasi kwenye chaneli ya dijitali ya redio nyingine ya jamii hapo Houston. Na kumbe mapema mwaka huo huo wa 2011, Rais Obama alikuwa ametia saini sheria iliyofungua njia kwa vituo vidogo vya FM, vile visivyozidi wati 100. Walisubiri. Oktoba 2015 KTRU ikarudi hewani kwenye 96.1. Kutoka wati 50,000 hadi mawimbi ya kuzunguka ujirani tu, karibu kama siku zile za hosteli. Lakini walirudi.

Na yule mnunuzi? Mwaka 2016 naye akayauza yale masafa ya 91.7 kwa shirika la redio ya Kikristo kwa dola milioni 10. Ule mpango mkubwa ulidumu miaka mitano.

Sasa rudi Brown tulikoanzia. Huko redio ya wanafunzi, WBRU, ilikuwa chini ya shirika lake lenyewe, si la chuo. Mwaka 2017 nao waliuza masafa yao ya 95.5, dola milioni 5.63. Wengine waliumia, waliosomea hapo zamani walilia. Lakini wanafunzi walikuwa mezani wakati wa uamuzi, na pesa zikabaki kwenye shirika lao ili waendelee kutangaza kwa njia nyingine. Redio mbili, zote zimepoteza masafa. Moja iliamua, nyingine iliamuliwa.

Kwa nini nakuambia haya ukiwa Rongai au Kisauni? Kwa sababu sisi tulichelewa kuingia huu mchezo. Mpaka miaka ya tisini hewa yetu ilikuwa ya serikali, na Capital FM ilipoanza mwaka 1996 ilikuwa ajabu. Leo tuna Equator FM kule Maseno, MMUST FM kule Kakamega, na nyingine. Vijana wanajifunza kazi hapo, wengine utawasikia kesho redio kubwa. Nawaheshimu sana. Lakini nawauliza: mnajua leseni ina jina la nani? Mnajua nani anaweza kuiuza, na kama katiba ya klabu yenu inasema lazima muulizwe kwanza? Kama hakuna, andikeni sasa, mkiwa bado hakuna anayetaka kununua. Siku mnunuzi akija, kalamu itakuwa imeshikwa na mtu mwingine.

Na sisi wa mtandaoni tusijicheke. Mimi niliacha chuo, sina studio ya kufungiwa, lakini kila kitu ninachopakia kinakaa kwenye jukwaa la mtu. Wafuasi wangu wako kwa daftari lake. Ndiyo maana nahifadhi nakala ya kila kazi yangu, na nina orodha ya watu ninaoweza kuwafikia hata jukwaa likizimwa kesho. Hilo nimejifunza kwa KTRU: mnara ulienda, pesa zikaenda, lakini watu walikuwa wanajuana. Walipopata kamnara kadogo, walijua wa kupigia simu.