Taa ya oili ikiwaka, zima injini: presha hupimwa, haikisiwi

Mpwa wangu anaendesha teksi hapa Mombasa. Jioni moja alinijia uso umemshuka. Taa nyekundu ya oili ilikuwa ikipepesa kila akikaa kwenye foleni ya feri Likoni, na fundi aliyemwonyesha gari alimwambia beringi zimekwisha, injini ifunguliwe. Pesa alizotajiwa hana. Nilimuuliza swali moja tu: "Alipima presha?" Akanijibu, "La, mjomba. Alisikiliza tu."

Nimeshika spana miaka mingi, na nimeona injini nzima zikifunguliwa bure, na mbovu zikiendeshwa mpaka zikafa. Makosa yote mawili huanzia kwenye taa hii.

Wengi hudhani taa ile yenye picha ya birika hupima wingi wa oili. Katika gari nyingi, sivyo. Inapima presha, yaani nguvu ya oili kusukumwa ndani ya injini. Mfano wake ni tangi la maji juu ya dari: laweza kuwa limejaa, na bado bombani yasitoke maji kwa sababu paipu imeziba. Pampu huvuta oili kutoka sampu, lile beseni la chini ya injini, ikaipitisha kwenye filta na kuipeleka kwenye beringi za krenki na kwenye kamshafti. Huko oili hujenga utando mwembamba, chuma kisiguse chuma. Presha ikikatika, utando huchanika, beringi hupata moto, na injini inanoki kwa dakika chache tu.

Tena swichi ya taa hiyo huwa imewekwa iwashe presha ikiwa imeshashuka sana, kwa kawaida kati ya psi 3 na 7. Kwa hivyo ikiwaka, huna akiba iliyobaki. Tafuta mahali salama kando ya barabara, zima injini. Usiseme "nifike nyumbani tu."

Baada ya hapo, fuata mpango. Anza na kisichogharimu kitu.

Kwanza, oili yenyewe. Gari likiwa mahali tambarare, ngoja kama dakika kumi, chomoa kijiti cha kupimia, kipanguse, kirudishe, kisha usome. Oili iwe kati ya alama mbili. Ikiwa chini, ongeza, halafu utafute inakopotelea: inavuja au inaungua? Ikipita alama ya juu pia ni hatari, kwa sababu krenki huipiga ikatoka povu, na povu halisukumiki vizuri. Inuse. Ikinuka petroli, imechanganyika na mafuta na imekuwa nyepesi. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, usiwashe tena.

Pili, kumbuka ulichofanya karibuni. Taa ikianza baada ya sevisi, shuku sevisi. Labda umetiwa oili nyepesi kuliko inayotakiwa na injini hiyo. Labda filta ni duni. Labda mpira wa filta ya zamani ulibaki umeganda, mpya ikafungwa juu yake, na oili inavuja hapo kwa kasi.

Tatu, angalia taa inawaka wakati gani. Ikiwaka kwenye kona au ukipiga breki, mara nyingi oili ni chache: inakimbilia upande mmoja na pampu inavuta hewa. Ikipepesa injini ikiwa moto na gari limesimama, kisha ikazima ukikanyaga mafuta, huenda oili imekuwa nyepesi, au pampu na beringi zimelika, au swichi ni mbovu. Ikifuatana na mgongo mzito kutoka chini ya injini, huo si wa kusubiri, gari livutwe.

Nne, swichi na waya wake. Katika gari nyingi za Kijapani zenye swichi ya waya mmoja, ukichomoa waya huo swichi ikiwa imewashwa, taa inapaswa kuzima. Isipozima, waya umechubuka na unagusa bodi mahali fulani. Ikizima, bado hujajua kama kosa ni la swichi au la presha.

Hapo ndipo inapokuja hatua ya tano, ambayo haikwepeki: geji. Fundi apashe injini moto, aizime, afungue swichi ya oili, afunge geji ya mkono mahali pake, kisha aiwashe. Asome mara mbili, bila kukanyaga mafuta, halafu kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika. Kila injini ina kipimo chake kitabuni. Kwa 1NZ ya Toyota, iliyomo kwenye Probox na Fielder nyingi tulizo nazo, kinatakiwa kiasi cha psi 4 au zaidi bila kukanyaga, na kati ya 22 na 80 kwenye 3,000.

Presha ikiwa sawa, badilisha swichi. Ikiwa chini kweli, bado usikimbilie beringi. Shusha sampu kwanza. Wavu wa mdomo wa pampu huzibwa na tope la oili iliyochelewa kubadilishwa, au na vipande vya silikoni iliyopakwa kupita kiasi. Kisha valvu ya kupunguzia presha, ambayo huweza kukwama ikiwa wazi. Kisha pampu. Beringi ndizo za mwisho.

Gari la mpwa wangu lilisoma psi 18 bila kukanyaga na 45 kwenye 3,000. Swichi ilikuwa inavuja oili ndani yake. Mpya haikufika bei ya galoni la oili.

Lakini msije mkasema kila taa ni swichi. Jirani yangu mmoja aliambiwa hivyo hivyo, bila kupimiwa, na waya ukakatwa ili taa isimsumbue. Injini ilinoki akiwa na abiria njiani kwenda Kilifi, na gari lile ndilo lililokuwa likilisha nyumba yake.

Nasi wa hapa tuna jambo la kuongeza. Saa tunazokaa kwenye foleni injini ikiunguruma hazihesabiki kwenye kilomita, lakini oili inachoka. Ukiwa mtu wa foleni kila siku, badilisha oili mapema. Na fundi akikwambia presha imekufa, mwambie kwa adabu: nionyeshe kwenye geji.