Picha za Kazi Katika Vigae

Neno kigae lina maana mbili. Ni kipande cha chungu kilichovunjika, tena ni kipande cha udongo uliochomwa kwa kuezekea nyumba au kupambia ukuta. Vigae vya maana hii ya pili vina sifa kubwa katika nchi ya Hispania, na sisi wa Goweko, tukaao katika njia ya kale ya misafara, twaona yafaa kuvieleza.

Waislamu waliingia Hispania mwaka 711, na dola yao ya mwisho huko, Granada, ilianguka mwaka 1492. Ufundi wa vigae ulibaki, hata na jina lake, maana Wahispania huviita azulejo, neno litokalo katika Kiarabu. Fundi hukata udongo mraba, akauchoma, kisha akaupaka maji yaliyochanganywa na risasi na bati. Juu yake huchora kwa rangi, akachoma mara ya pili, na kigae hutoka cheupe king'aacho kama kioo. Mvua haikifuti.

Mafundi wa kwanza walipenda maua na mistari iliyofumana. Walakini tangu miaka ya 1600 mafundi wa Catalonia walianza kuchora watu, kila kigae mtu mmoja na kazi yake: mhunzi, seremala, mwindaji, mpiga ngoma. Huko Valencia, katika miaka ya 1700, matajiri walipamba hata jiko. Kuta zake zaonyesha bibi wa nyumba na watumishi wake, na chakula walichokibeba. Jiko moja la namna hiyo limehifadhiwa katika nyumba ya makumbusho mjini Madrid. Hatuna budi kukumbuka kwamba mtumishi yule alichorwa kwa fedha ya bwana wake, lakini alichorwa.

Je, kwetu? Kunduchi, katika pwani ya Dar es Salaam, wazee walijengea bakuli za Kichina katika chokaa ya makaburi. Kaole, karibu na Bagamoyo, ambako misafara ya Tabora iliishia, pia kuna makaburi ya namna hiyo. Bakuli nyingi zimeng'olewa na wezi, yamebaki matundu ya mviringo. Nazo ni za maua, si za watu na kazi zao.

Picha za watu zilikuwako bara. Wachezaji nyoka wa Usukuma, waitwao Bayeye, walichora ndani ya nyumba za chama chao watu, nyoka na wanyama, kwa udongo mweupe, mwekundu na masizi. Lakini ukuta wa udongo mbichi hauvumilii masika mengi. Hans Cory alizinakili picha hizo, akazitoa katika kitabu mwaka 1953. Kama si nakala, nyingi tusingezijua.

Na mpagazi wa Kinyamwezi, aliyebeba pembe begani mwendo wa miezi hata Bagamoyo, akarudi na mizigo ya merikani na shanga? Huyo twamwona zaidi katika vitabu vya wageni waliomwajiri, kama Burton aliyefika Kazeh, ndiyo Tabora, mwaka 1857, na Stanley aliyefika mwaka 1871. Walimchora kama walivyomwona wao. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, ikipita hapa Goweko, mizigo ile ikaingia katika mabehewa.