Umbo na Jina: Manowari Trincomalee na Mfano Wake wa Kuchapwa

Miongoni mwa kazi zinazofanywa siku hizi kwa mashine za kuchapa vitu vya pande tatu, mojawapo ni utengenezaji wa mifano midogo ya manowari za zamani. Mchoro wa chombo hutiwa katika kompyuta, na mashine hukijenga tabaka juu ya tabaka, kwa plastiki iliyoyeyushwa au kwa utomvu unaoganda kwa mwanga, mpaka manowari nzima iweze kuwekwa katika kiganja cha mkono. Kazi hii yaweza kudhaniwa kuwa mchezo tu wa watu wapendao vyombo. Walakini inaleta swali linalowahusu wanahistoria na wanalugha pia: nakala huhifadhi nini katika asili yake, na huacha nini? Chombo kifaacho kwa uchunguzi wa swali hili ni frigeti Trincomalee, iliyoundwa Bombay, na ambayo hata leo yaelea Hartlepool, kaskazini-mashariki ya Uingereza.

Frigeti ilikuwa manowari ya milingoti mitatu, yenye sitaha moja kamili ya mizinga. Ilikuwa nyepesi kuliko manowari kubwa zilizopigana kwa kujipanga safu, na kazi yake ilikuwa kupeleleza, kulinda misafara ya biashara na kuwinda vyombo vya adui. Msemaji wa Kiswahili hutosheka na neno manowari, lililotokana na Kiingereza, kwa vyombo vyote vya vita, na neno merikebu, lenye asili ya Kiarabu, kwa chombo kikubwa cha namna yoyote. Hali hii si upungufu wa lugha. Kila lugha hupambanua yale ambayo wasemaji wake wana haja ya kuyapambanua, na jambo hili litaonekana tena mbele.

Umbo la Trincomalee halikubuniwa Bombay, wala halikubuniwa Uingereza. Katika mwaka wa 1782 frigeti ya Kifaransa Hébé, iliyobuniwa na Jacques-Noël Sané, ilitekwa na manowari ya Kiingereza Rainbow. Waingereza wakaipima na kulichora umbo lake, na kwa kuufuata mchoro huo wakaunda Leda, iliyoshushwa majini mwaka wa 1800. Baada ya Leda zikafuata frigeti nyingi za namna hiyo. Michoro ya kuundia Trincomalee ilipelekwa bara Hindi katika manowari Java. Tarehe 29 Desemba 1812, mbali kidogo na pwani ya Brazil, Java ilipambana na frigeti ya Kimarekani Constitution ikashindwa, kisha ikateketezwa, na michoro ikapotea pamoja nayo. Ikalazimu nakala nyingine ipelekwe. Hatimaye mafundi wa Bombay, wakiongozwa na Jamsetjee Bomanjee Wadia, wa ukoo wa Waparsi ulioshika kazi ya uundaji katika gudi la mji huo tangu karne ya 18, waliiunda frigeti hiyo kwa msaji, na ikashushwa majini tarehe 12 Oktoba 1817.

Kwa hiyo asili yenyewe ambayo mwenye mashine anaiiga ni nakala ya nakala: fikira ya Mfaransa, mchoro wa Mwingereza, mkono wa Mparsi na mti wa bara Hindi. Badala ya mwaloni wa Ulaya ulitumika msaji, ambao hustahimili maji na wadudu kwa miaka mingi, na bila shaka hii ni sababu kubwa ya chombo hicho kuwapo mpaka leo. Yafaa kukumbuka kwamba gudi hilohilo liliunda Liverpool, manowari ya mizinga 74 ya Sayyid Said bin Sultan, iliyoshushwa mwaka wa 1826. Sayyid aliitoa zawadi kwa Mfalme William IV wa Uingereza mwaka wa 1836, ikapewa jina la Imaum. Basi kazi ya mafundi wa Bombay haikuwa ngeni kwa mabaharia wa Sayyid.

Mtu atakaye kuchapa mfano wa Trincomalee hana budi kwanza kuchagua mwaka. Chombo cha 1817 si kile cha 1847, kwani katikati ya karne hiyo kilitiwa mizinga michache zaidi lakini yenye nguvu zaidi, tezi lake likageuzwa, na kikahesabiwa kuwa koveti wala si frigeti. Mwaka wa 1897 kiliuzwa, kikaitwa Foudroyant, na kwa miaka mingi kikawa mahali pa kufundishia vijana. Mwaka wa 1987 kilipelekwa Hartlepool kutengenezwa, jina lake la kwanza likarudishwa mwaka wa 1992, na kazi ikamalizika mwaka wa 2001. Fundi anayechukua tezi kutoka picha moja na mizinga kutoka mchoro mwingine ataunda chombo ambacho hakikupata kuelea. Hili ndilo kosa la mhariri wa utenzi achanganyaye beti za miswada ya nyakati mbalimbali bila ya kusema, akatoa utenzi ambao hakuna mtu aliyepata kuuimba.

Tatizo la pili ni la kipimo. Sitaha ya mizinga ya Trincomalee ina urefu wa yapata mita 46, na upana wa chombo ni yapata mita 12. Katika kipimo cha 1:700 urefu huo huwa milimita 66, na upana huwa milimita 17. Kamba yenye unene wa sentimita 5 huwa milimita 0.07. Mashine nzuri yaweza kuchapa tabaka jembamba kiasi hicho, lakini uzi wa unene huo hauwezi kusimama wenyewe. Kwa hiyo fundi huziacha kamba, au huzinenepesha, au hufunga nyuzi kwa mkono. Katika mifano ya mbao iliyotengenezwa Uingereza katika karne ya 17 na ya 18, aghalabu kwa kipimo cha 1:48, kamba hiyo ilikuwa na unene wa milimita moja, na iliweza kusokotwa. Tena mingi ya mifano hiyo iliachwa bila mbao za ubavuni ili mataruma yaonekane. Mfano wa kuchapwa waonyesha ngozi ya chombo tu. Ndani yake hamna taruma hata moja, na mtazamaji hawezi kujua chombo kilishikamana kwa nini.

Tatizo la tatu, nalo ndilo linalowahusu zaidi wanalugha, ni la majina. Kwa mashine, mkuku, omo, mlingoti na foromali ni umbo moja lisilo na mipaka. Palipo na jarari na demani huona mistari miwili tu. Kwa Trincomalee hasara si kubwa, kwa kuwa majina ya sehemu zake yamo katika vitabu na hesabu za jeshi la wanamaji. Lakini mafundi wa pwani ya Afrika Mashariki waliunda majahazi bila mchoro. Kipimo kilikuwa katika jicho la fundi, na ujuzi ukapita kutoka kwa fundi hata mwanafunzi kwa mkono na kwa neno. Hapa ndipo Kiswahili, kilichotosheka na neno moja kwa manowari zote, kilipokuwa na majina mengi ya kamba na mbao za vyombo vyake chenyewe. Katika kazi ya namna hiyo jina ndilo mchoro.

Mfano wa mtepe watosha kuwa onyo. Chombo hicho, ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba, kilitoweka baharini katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20. Mifano yake midogo ilihifadhiwa, nayo imewafaa sana wataalamu waliotaka kujua umbo lake. Lakini mfano hausemi. Hauwezi kueleza mshono fulani uliitwaje, wala kwa nini ulipitishwa upande huu usipitishwe ule. Hayo yalijulikana kwa wale waliouliza mapema tu.

Leo mashine za kupima kwa mwanga zaweza kuchukua umbo la jahazi lililopwelewa ufuoni kwa muda mfupi, na mifano mingi ikachapwa kutokana na kipimo hicho. Kazi hiyo yastahili kufanywa. Lakini yapasa kila kipimo kifuatane na orodha ya majina ya sehemu zote, kama yanavyotamkwa na mafundi wa mahali hapo, Lamu kwa namna yake na Unguja kwa namna yake, pamoja na maelezo ya kazi ya kila sehemu. Michoro ya Trincomalee ilipopotea baharini nakala nyingine ilipatikana, kwa sababu asili ilikuwa imebaki London. Majina ya majahazi hayana asili nyingine ila vinywa vya mafundi wenyewe, na wengi wao ni wazee.