Majibu yaliyofika baada ya matanga

Jamani, mniwie radhi kwa ukimya. Nilikuwa nyumbani Nyasura, pale Bunda, tukipanga karatasi za marehemu baba mdogo. Katikati ya stakabadhi za pamba nikakuta kadi yake ya TB ya mwaka 2008, na ndani yake majibu ya maabara: vimelea sugu kwa rifampicin na isoniazid. Tarehe yake ni wiki tatu baada ya mazishi.

Alimaliza dawa, kikohozi kikarudi, akaanzishiwa duru ya pili yenye sindano za streptomycin za miezi miwili. Sisi wa mjini tukamlaumu: lazima mzee aliruka dozi!

Kwa nini majibu yalichelewa hivyo? Hadubini huonyesha vijiti vyekundu tu. Sugu na asiye sugu sura moja. Kumjua sugu ilibidi kumwotesha kwenye chakula cha mayai, na kimelea huyu ni mvivu, hugawanyika mara moja kwa karibu saa 20. Ni wiki kadhaa aote, kisha wiki nyingine aoteshwe penye dawa na pasipo dawa ili walinganishe. Bado hujahesabu safari ya makohozi kwenda maabara ya mbali.

Tatizo lenyewe si jipya. Streptomycin iligunduliwa 1943, na majaribio ya Uingereza yaliyochapishwa 1948 yakaonyesha wagonjwa wakipata nafuu kisha vimelea kuizoea. Hapa kwetu mpango wa taifa wa TB ulianza 1977, akiwemo Karel Styblo, na mfumo wake ukaigwa duniani kote. Uliegemea hadubini kwa sababu ni rahisi na inafika wilayani. Simlaumu, uliponya wengi sana. Ila usugu haukuonekana humo. Utafiti wa kitaifa wa 2006 na 2007 ulikuta TB sugu kwa takriban mgonjwa 1 kati ya 100 wapya. Namba ndogo, hadi iingie nyumbani kwako.

Desemba 2010 Shirika la Afya Duniani likaidhinisha GeneXpert. Mashine hii haisubiri kimelea aote. Inanakili kipande cha jeni yake kiitwacho rpoB na kutazama kama kimebadilika mahali ambapo rifampicin hushika. Chini ya saa mbili! Watafiti wa Mbeya walikuwa miongoni mwa waliokipima kipimo hicho mapema, wakachapisha 2011. Kwa isoniazid ilibidi kungoja. Kipimo cha haraka cha aina hiyo kinachoigusa kilipendekezwa 2021.

Lakini nisijidanganye. Hata kama mashine ingekuwepo Bunda mwaka ule, angepelekwa wapi? Tiba ya TB sugu nchini ilianza Novemba 2009 hospitali ya Kibong'oto, Kilimanjaro, nayo ilichukua zaidi ya mwaka na nusu, na sindano juu yake. Tiba ya miezi 6 imependekezwa 2022 tu.

Mama mdogo aliniuliza karatasi inasemaje. Nikamweleza kuwa usugu waweza kutokana na kuruka dozi, au mtu kuambukizwa kimelea ambacho tayari ni sugu, na karatasi haisemi ni kipi.

"Mwanangu," akasema, "vidonge nilimhesabia mimi. Kila asubuhi."