"Wanyama au watu?" Historia ya Delta ya Tana kabla hujapiga makofi

1/ Wakenya wenzangu, kila msimu wa siasa kuna sentensi moja lazima irushwe jukwaani, na watu hupiga makofi: "Ati tulinde nyani huku watu wanalala njaa?" Upande wa pili nao unajibu: "Delta ya Tana ni hazina ya dunia, isiguswe!" Leo sitaji chama wala mheshimiwa yeyote. Nataka tu turudi nyuma tuone hili swali limetoka wapi, maanake mimi naona pande zote mbili zinakwepa jambo moja. Vuta kiti.

2/ Kwanza, usiseme haya ni mambo ya watu wa kule chini. Ukisimama kuimba wimbo wa taifa, unaimba sauti ya mto Tana: lahani yake ilitolewa kwenye bembelezi la Wapokomo, wimbo wa mama kumlaza mtoto. Uko Nairobi? Maji mengi unayofungua mferejini yanatoka bonde la mto huo huo. Ndakaini na Sasumua zote zimejengwa kwenye vijito vyake. Umeme wa mabwawa yake nao umewasha taa zetu tangu miaka ya 1960.

3/ Tana ndio mto mrefu kuliko yote Kenya, kama kilomita 1,000. Unaanza Aberdare na Mlima Kenya, unapita Garissa, Hola na Garsen, halafu unatawanyika kuwa vijito, maziwa, majani na mikoko kabla ya kuingia bahari ya Hindi. Hata mlango wake wa leo pale Kipini una mkono wa binadamu. Karne ya 19, enzi za usultani wa Witu, ulichimbwa mfereji wa Belezoni kuunganisha Tana na mto Ozi ili mitumbwi ipite. Mto ukaona njia, ukahama. Kwa hivyo ukisikia mtu akisema delta ni "mazingira ambayo hayajawahi kuguswa", mwambie asome kidogo.

4/ Sasa sikiza jinsi ilivyokuwa ikifanya kazi, hapa ndipo kiini kilipo. Mvua za masika na za vuli zikinyesha milimani, mto ulifurika huku chini mara mbili kwa mwaka. Maji yalileta tope lenye rutuba. Yakirudi, Mpokomo anapanda mpunga, mahindi na ndizi kwenye udongo ulioloa. Maziwa madogo yakijaa, wavuvi wanapata kambare na kamongo. Kiangazi kikikaza kule bara, Waorma na Wardei wanashuka na ng'ombe kula majani yaliyoota baada ya maji. Njia za mifugo kufika mtoni zinaitwa malka. Wazee wa Gasa upande wa Wapokomo na wazee wa wafugaji walikuwa wakikaa chini kuelewana nani apite wapi na lini. Ugomvi ulikuwepo, nisikudanganye. Lakini kalenda ilikuwepo pia, na kalenda yenyewe ilikuwa mafuriko.

5/ Wanyama nao wanaishi kwa kalenda hiyo hiyo. Msitu wa kando ya mto unasimama kwa sababu maji ya mafuriko yanazama ardhini na kulisha mizizi ya mikuyu. Humo wamo mbega mwekundu wa Tana na mangabe wa Tana, aina mbili za kima ambao hawapatikani popote pengine duniani, na wote wako hatarini kabisa kutoweka. Huku chini kuna viboko, mamba na makundi makubwa ya ndege wa maji. Kuna hata kindege kimoja cha matete ambacho kinazaliana kwenye madimbwi makubwa ya Iraq, kisha kinasafiri mpaka hapa kwetu kukaa wakati kwao ni baridi. Iraq wakikausha madimbwi yao kinaumia. Sisi tukikausha yetu, kinaumia vilevile.

6/ Tatizo lilianza lini? Mimi naanzia pale watu wa mbali walipoanza kuita huko "ardhi tupu". Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mradi wa kunyunyizia maji mashamba pale Hola, na waliosukumwa kuuchimba ni wafungwa wa wakati wa Mau Mau. Mwaka 1959 wafungwa 11 walipigwa mpaka kufa Hola kwa kukataa kazi. Sisi tunaikumbuka kama historia ya uhuru, na ni sawa. Lakini ni historia ya Tana pia: amri inatoka mbali, jasho na damu vinamwagika kando ya mto.

7/ Baada ya uhuru yakaja mabwawa ya umeme. Kindaruma 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Sisemi yalikuwa makosa. Nchi ilihitaji umeme, na hata mimi ninaandika uzi huu nikitumia umeme. Lakini bwawa linashika vitu viwili: maji na tope. Mafuriko ya kawaida yakapungua nguvu. Tope la rutuba likabaki kule juu ndani ya mabwawa. Na mto ukipungua nguvu, bahari inapanda: maji ya chumvi yanaingia kwenye mashamba ya watu karibu na pwani. Hakuna aliyeuliza mkulima wa Ozi kama anaona ni sawa.

8/ Mkulima huyo huyo akiambiwa leo kwamba adui yake ni kima, unaona kichekesho kilipo?

9/ Mwaka 1976 ikatangazwa hifadhi ya kitaifa ya kima kando ya mto, kama kilomita 169 mraba. Nia ilikuwa nzuri. Ila ndani yake mlikuwa na mashamba na vijiji vya Wapokomo, na wafugaji walikuwa wakipitia humo kwenda mtoni. Miaka ya 1990 ukaja mradi mkubwa wa uhifadhi kupitia Benki ya Dunia, na sehemu ya mpango ilikuwa kuhamisha familia nje ya msitu. Wengine walikubali, wengi wakakataa, na mambo yakavurugika kabla mradi haujamaliza kazi. Mwaka 2007 Mahakama Kuu ikasema hifadhi haikuanzishwa kwa kufuata sheria. Miaka 31 ya kibao na walinzi, kumbe karatasi yenyewe ilikuwa na shimo.

10/ Na waliofungua kesi hawakuwa majangili, tafadhali. Walikuwa wenyeji waliochoka kuambiwa shamba la babu yao ni la nyani. Ukitaka kujua ile sentensi ya jukwaani ilizaliwa wapi, ilizaliwa hapo. Ina uchungu wa kweli ndani yake. Ndio maana inapigiwa makofi.

11/ Sasa tugeukie upande wa "maendeleo". Miaka ya 1980 mradi wa Bura ulileta familia kutoka sehemu nyingine za nchi zilime pamba. Gharama zikapanda kupita mpango wote, na kuni za kupikia zikakatwa kwenye msitu wa mto. Kisha ukaja mradi wa mpunga wa delta, kwa mkopo wa Japani, na kingo kubwa za udongo kuzuia maji. El Niño ya 1997 ikafika, ikazibomoa. Mto ulikuwa haujasahau njia yake.

12/ Mwaka 2008 ukaidhinishwa mradi wa miwa wa kama hekta 20,000 ndani ya delta. Mwisho wa mwaka huo huo magazeti yakaripoti mazungumzo ya kukodisha hekta 40,000 kwa Qatar. Wengine wakaja na jatrofa ya kutengeneza mafuta. Wenyeji wakagawanyika: kuna waliotaka ajira, kuna waliouliza ng'ombe watakunywa wapi. Miwa ile haikuota. Lakini ahadi zilikuwa zimeshagawa ardhi vichwani mwa watu, na kila mtu akaanza kulinda kipande chake kabla jirani hajakipata.

13/ Halafu ukaja mwaka 2012. Kuanzia Agosti mpaka Januari iliyofuata, watu zaidi ya 100 waliuawa kwenye mapigano ya wakulima na wafugaji pale delta. Wanawake na watoto walichinjwa, nyumba zikachomwa usiku. Na mwaka huo huo wa 2012, Delta ya Tana iliwekwa kwenye orodha ya Ramsar, mkataba wa kimataifa wa ardhi oevu uliotiwa saini Iran mwaka 1971. Hekta 163,600 zikatambuliwa duniani wakati watu waliozitunza vizazi na vizazi walikuwa wakizika. Mimi kila nikisikia mtu akitaja Ramsar jukwaani bila kutaja hayo makaburi, najua hajui anachosema.

14/ Sisemi mapigano yalikuwa ya maji peke yake. Uchaguzi ulikuwa unakaribia, mipaka ilikuwa imechorwa upya, bunduki zilikuwepo. Ila malisho yakipungua, mafuriko yakikosa kuja kwa wakati na malka zikizibwa na mashamba, yale makubaliano ya wazee yanakosa mahali pa kusimama.

15/ Kuna habari njema, na haizungumzwi vya kutosha. Februari 2013 Mahakama Kuu iliamua kwamba mipango ya matumizi ya ardhi ya delta lazima itengenezwe wenyeji wakishirikishwa. Mwaka 2015 mpango ukazinduliwa, ukieleza wapi palimwe, wapi palishwe, wapi paachwe. Sheria ya wanyamapori ya 2013 ikatambua hifadhi zinazosimamiwa na jamii. Sheria ya ardhi ya jamii ikapita 2016. Kwenye karatasi, safari hii hakuna shimo kubwa. Shimo liko kwenye utekelezaji: mpango bila bajeti ni kalenda ya mwaka jana ukutani.

16/ "Sasa utalii utaleta nini?" Swali zuri. Tazama Gazi, Kwale: akina mama walijenga njia ya mbao ndani ya mikoko, mgeni analipa kutembea, na kikundi cha kijiji kinauza kaboni ya mikoko hiyo, pesa zinaingia kwenye maji na shule. Tazama pia ng'ambo ya Tana, upande wa Garissa. Mwaka 1996 serikali ilipotaka kuwahamisha swara aina ya hirola, wenyeji walienda mahakamani kuzuia: hawa ni wanyama wetu, hawaendi popote. Baadaye wakaunda hifadhi yao ya Ishaqbini, na mwaka 2012 wakaanzisha eneo lenye ua likiwa na hirola 48. Wameongezeka mara mbili na zaidi.

17/ Ona tofauti. Mto ni ule ule. Upande mmoja watu waliambiwa watoke kwa ajili ya mnyama, wakamchukia. Upande mwingine mnyama alitaka kuchukuliwa, watu wakamng'ang'ania. Kilichobadilika ni nani anaitwa mwenyewe.

18/ Lakini nisiwauzie ndoto. Utalii peke yake haulishi delta. Corona ya 2020 ilituonyesha ndege za wageni zinaweza kusimama kwa wiki moja. Mgeni haji mahali pasipo na amani. Na hata ukijenga kambi nzuri namna gani, bila mafuriko hakuna ndege, hakuna kiboko, hakuna msitu, hakuna cha kuonyesha. Ng'ombe wa Muorma, mpunga wa Mpokomo na mbega wa mtalii wanakunywa kikombe kimoja.

19/ Ndio maana nasema pande zote mbili za jukwaa zinakwepa jambo moja. Mnaulizwa "wanyama au watu" ili msiulize "maji yanashikwa na nani, yanaachiliwa lini?" Siku hizi mafuriko hayaji kwa kalenda, yanakuja kwa hasira. Mvua zikizidi na mabwawa yakijaa, maji yanashuka yote kwa pamoja. Tuliona 2018, tukaona tena 2024, familia za Garissa na Tana River zikilala kwenye mahema. Na mpango wa bwawa jingine kubwa la High Grand Falls, chini ya Kiambere, umekuwa mezani miaka mingi.

20/ Kwa hivyo mheshimiwa wa chama chochote akija kwenu na ile sentensi, kabla hujapiga makofi muulize haya, kwa heshima tu:
– Bwawa jipya litaachilia mafuriko ya kulisha delta, mara ngapi kwa mwaka, na imeandikwa wapi?
– Mpango wa 2015 umetengewa pesa ngapi kwenye bajeti ya mwaka huu?
– Malka ngapi zimepimwa na kulindwa kisheria?
– Ardhi ya jamii zipi imesajiliwa mpaka leo chini ya sheria ya 2016?
– Mgeni akilipa kuona kiboko, shilingi ngapi inabaki kijijini, na nani anashika daftari?

21/ Akijibu hata mawili, mpe maikrofoni aendelee. Akirudi kwa nyani, mjue hajaja kwa ajili ya njaa yenu. Mlio Garsen, Hola, Kipini na Tarasaa, nirekebisheni hapa chini nilipokosea. Nyinyi ndio mnaouona mto kila asubuhi.