Programu Moja, Simu Mbalimbali



Ndugu msomaji, hebu simama kwenye gati la Manda mashua ya kwenda Amu ikijaza abiria. Mgeni aliyeshuka kwenye ndege ana iPhone, kijana ana Tecno ya Android, na mzee wa Maweni aliyetoka kukata mawe ana mulika mwizi yake. Ukitaka kuwatengenezea wote watatu programu moja ya nyakati za swala na mchango wa futari, utaiandika mara ngapi?

Kwetu Kenya swali hili lilipata jawabu mapema. Safaricom ilipoanzisha M-Pesa, Machi 2007, menyu iliwekwa ndani ya laini, si ndani ya simu. Uwe na Nokia au Motorola, ni mamoja. Mkata mawe hakununua simu mpya, alibadilisha laini tu basi.

Kisha mambo yakavurugika. iPhone ilitoka mwaka huohuo, na simu ya kwanza ya Android ikafuata 2008. Programu za Apple ziliandikwa kwa lugha ya Objective-C, za Android kwa Java. Yaani kazi ileile ifanywe mara mbili, na anayeumia ni mwenye mfuko mdogo, kama chama cha vijana.

Mwaka 2008 kampuni ya Nitobi ya Vancouver, Canada, ikaja na PhoneGap. Hila yao ilikuwa nyepesi. Simu hizi zote, hata zikigombana, zinajua kufungua ukurasa wa intaneti. Basi programu iandikwe mara moja kama ukurasa, kwa HTML na JavaScript, kisha ivikwe ganda la kila aina ya simu. Ganda ndilo linaloufikisha ukurasa kwenye kamera na dira, na dira ndiyo inayomwonyesha msafiri kibla. Hizi ndizo programu za mseto.

Mwaka 2011 Adobe iliinunua Nitobi, na kazi yao ikakabidhiwa taasisi ya Apache kwa jina la Cordova. Sisi tuliosoma tarekhe ya Andalusi madrasani roho huruka moja kwa moja hadi Kurtuba! Kumbe ni mtaa tu wa Vancouver ilipokuwa ofisi yao. Adobe iliifunga PhoneGap 2020, lakini Cordova ingalipo.

Ila ya mseto ni uzito, hasa kwenye simu za bei nafuu. Mwaka 2012 Mark Zuckerberg alikiri hadharani kwamba Facebook ilikosea kuutegemea mno mtindo huo. Wakaja na React Native 2015, na Google ikatoa Flutter kamili 2018. Zote zinaandikwa mara moja, na ni nyepesi zaidi.

Lakini hakuna hata moja inayofunguka kwenye mulika mwizi ya yule mzee. Kwake mchango bado unapitia menyu ya laini. Kwa hiyo chama kikitengeneza programu yake, nyakati za swala zikae humo, lakini mchango upitie nambari ya paybill, ambayo simu zote tatu zinaifikia. Na nambari yenyewe ibandikwe ukutani msikitini Maweni, kwa tarakimu kubwakubwa.